Bonge la Luku

Alikuja usiku uniti zimeisha,
simu naibana kwa meno, inanimulika,
namalizia twende kilioni ya mteja wa mwisho.
Kitu laini kikanipita miguuni, nikapiga yowe.
Ndiyo maana anaitwa Luku.

Mwaka wa tatu sasa yuko nami hapa Tandika.
Analala kwenye beseni la taulo,
anajilamba kama mtu anayedaiwa usafi:
kwapa, mkia, kidole kwa kidole,
ulimi ule wa msasa haurudishi kitu,
kila unachokiokota unameza.
Na Februari, joto lile la kunyonyoa,
manyoya yalimtoka kama mto uliopasuka.

Jumanne akainama chini ya draya,
shingo kaivuta, tumbo linakwenda na kurudi
kama pampu ya baiskeli.
Khe. Khe. Khe.
Hakikutoka kitu.
Mama Siwema akanyanyua mkoba wake sakafuni,
kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka.
"Paka huyo karogwa," akasema.
"Na aliyemroga hayuko mbali."

Dawa zikaja kabla sijaomba.
Fundi Ngwada wa cherehani: mafuta ya taa,
kifuniko kimoja tu, bibi yake kule Newala alifanya hivyo.
Na paka wa bibi yako aliishia wapi?
Fundi akarudi kwenye upindo wake.
Sikitu wa chapati: kitunguu saumu, kiponde na maziwa.
Nikamwambia kitunguu kwa paka ni sumu.
Akasema basi hata mimi nakula sumu kila siku,
akacheka, akaondoka na deni langu kichwani.
Tumpe, mwanafunzi wangu,
ambaye hata mstari wa katikati bado unampinda,
akasema polepole: "Dada, mpe boga."

Kipande cha mia tano.
Nikakichemsha bila chumvi, nikakiponda,
kijiko kimoja juu ya dagaa.
Luku akanusa, akanitazama
kana kwamba mgonjwa ni mimi.
Alikula kesho yake, usiku, gizani,
nisije nikajisifu.

Nikapanda ngano kwenye kopo tupu la mafuta ya nywele.
Siku ya sita majani yakasimama
rafuni, katikati ya stimingi na rangi.
Akayatafuna kwa upande wa jino, kama mzee na mswaki.
Nikaongeza bakuli la pili la maji, mbali na chakula,
maana huyu anapenda kunywa kama anayeiba.

Bwana mifugo wa Temeke nilimpata kwa simu.
"Akisusa kula siku nzima, au tumbo likijaa,
acha maboga yako, mlete.
Yaliyobaki, dada, ni kitana."

Kitana!
Mimi ninayechana vichwa tangu asubuhi,
vya maharusi, vya wafiwa, vya wenye chawa wanaokana,
sikuwahi kumchana aliyelala miguuni pangu.
Nikampakata. Aliniuma mara moja, kwa adabu.
Kisha akalegea, akaunguruma,
na manyoya ya kijivu yakajaa mapajani,
ya kutosha kumsuka paka mwingine.

Jumamosi, kabla ya wateja,
khe, khe, na safari hii kikatoka.
Si bonge hasa. Kirefu, kimeloa, mfano wa kidole.
Nikachuchumaa na mkia wa kitana, nikakifungua.
Kijivu, kijivu, kijivu,
kisha uzi unaong'aa:
rasta, namba thelathini na tatu, maruni.
Ya kichwani kwa Mama Siwema.
Ya chini ya kiti changu,
ya usiku ule niliosema, nitafagia kesho.

Alasiri akaja kufumua.
Luku amekaa dirishani, anajilamba bega.
"Kumbe kapona! Na mchawi mmemjua?"

"Mtu wa karibu," nikamjibu,
nikaufuata ufagio hadi chini ya draya,
hadi kwenye pembe ambayo sijaiona tangu Idi.